Utaridi, Sayari Ndogo Ijifichayo Kando ya Jua

Wasikilizaji na wasomaji wetu, katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za nyota moja ambayo baadhi yetu tumeiona bila kuijua, na wengi hawataiona maisha yao yote, ijapokuwa huonekana mara kadhaa kila mwaka. Jina lake ni Utaridi. Jina hili tumelipata kwa Waarabu, na katika vitabu vingine vya shule sayari hii huitwa Zebaki. Lakini hatutasema habari za Utaridi peke yake. Twataka kuwataja pia baadhi ya watu walioitafuta na kuitazama: kasisi, hakimu, mwuza dawa, daktari wa kijijini, karani wa hesabu. Watu hawa hawakulipwa mshahara kwa kutazama nyota. Waliifanya kazi hiyo kwa kuipenda tu. Mmoja wao alipewa nishani kwa ajili ya sayari isiyokuwako. Wengine walidanganywa na macho yao wenyewe, ingawa walikuwa watu waaminifu. Katika habari zao mna fundisho kwa kila mtu atakaye kuijua kweli, nalo ni hili: jicho moja peke yake halitoshi kuwa shahidi.

Kwanza tujue Utaridi ni kitu gani. Si nyota hasa, bali ni sayari, yaani dunia kama hii yetu, isiyo na nuru yake yenyewe, nayo hung'aa kwa nuru ya Jua inayoiangukia. Miongoni mwa sayari nane zinazolizunguka Jua, hii ndiyo ndogo kupita zote, na ndiyo iliyo karibu na Jua kupita zote. Upana wake ni maili 3,030 hivi, hali upana wa dunia yetu ni maili 7,900 na zaidi. Kutoka kwetu hata Jua ni kadiri ya maili 93,000,000. Kutoka Utaridi hata Jua ni kadiri ya maili 36,000,000. Kwa kuwa njia yake ni fupi na mwendo wake ni wa kasi, hulizunguka Jua kwa siku 88 tu. Mtoto wa kwetu aliyetimiza mwaka mmoja, kama umri wake ungehesabiwa kwa miaka ya Utaridi, angekuwa amekwisha pita miaka minne.

Basi kwa nini ni vigumu kuiona? Fikirini mtoto anayecheza usiku kwa kuuzunguka moto mkubwa karibu karibu, nasi tumeketi mbali tukimtazama. Twamwona mara upande huu wa moto, mara upande ule, wala hatumwoni kamwe mahali palipo mbali na moto. Akipita nyuma ya moto hatumwoni. Na akipita upande wetu, mwangaza wa moto hutuumiza macho. Ndivyo ilivyo Utaridi na Jua. Nyosha mkono wako mbele ukakunje ngumi: upana wa ngumi ile juu ya mbingu ni kadiri ya nyuzi 10. Utaridi haiendi mbali na Jua kupita ngumi tatu. Kwa hiyo haionekani usiku wa manane hata siku moja. Huonekana jioni upande wa magharibi, Jua likiisha kuchwa, kwa muda wa majuma mawili au matatu, kisha hutoweka, halafu huonekana alfajiri upande wa mashariki, kabla Jua halijachomoza. Mzunguko huo wote, toka jioni hata jioni nyingine, ni siku 116 hivi. Wayunani wa zamani waliipa majina mawili, moja la jioni na moja la alfajiri.

Katika jambo hili sisi wa Afrika ya Mashariki tuna bahati kuliko watu wa Ulaya ya kaskazini. Huko, katika baadhi ya miezi, njia ya sayari hulala chini karibu na ardhi, hata Utaridi huzama katika ukungu na nyuma ya nyumba kabla giza halijaingia. Lakini kwetu, kwa kuwa tu karibu na mstari wa Ikweta, njia ile husimama karibu wima juu ya upeo wa macho. Utaridi hushuka moja kwa moja kama ndoo ishukayo kisimani, na mtazamaji hupata nafasi nzuri ya kuiona.

Sasa twende Paris, mji mkuu wa Ufaransa, mwaka 1631. Mjuzi mmoja wa elimu ya nyota, Mjerumani jina lake Johannes Kepler, alikuwa amepiga hesabu na kutangaza ya kuwa mwezi wa Novemba mwaka huo Utaridi itapita mbele ya uso wa Jua, nayo itaonekana kama tone jeusi. Kepler mwenyewe hakuishi kuliona jambo hilo, maana alikufa mwaka 1630. Lakini alikuwapo kasisi na mwanafalsafa aitwaye Pierre Gassendi, aliyeyasoma maneno yale na kujiweka tayari. Hakulitazama Jua kwa jicho katika darubini, maana afanyaye hivyo hupofuka. Aliiacha darubini itupe sura ya Jua juu ya karatasi nyeupe ndani ya chumba chenye giza, akaitazama karatasi.

Siku zilizotangulia kulikuwa na mawingu. Asubuhi ya tarehe 7 Novemba Jua likatokeza, na Gassendi akaona juu ya karatasi kidoa cheusi kidogo sana. Alikuwa akitazamia doa kubwa zaidi, maana wakati ule watu wote walidhani Utaridi ni kubwa kuliko ilivyo. Kwa hiyo alidhani ameona doa la kawaida la Jua. Walakini hakuiacha karatasi yake. Alipima mahali pa kile kidoa, akapima tena baadaye, akaona kwamba kimekwenda mbali. Madoa ya Jua huchukua kadiri ya siku 13 kuuvuka uso wake. Hiki kilikuwa kikivuka kwa saa chache. Ndipo alipojua kwamba hii ndiyo Utaridi. Gassendi akawa mtu wa kwanza kuandika habari za kuiona Utaridi ikipita mbele ya Jua, na watu wakajua jinsi sayari hii ilivyo ndogo. Tuangalie alivyofanya: kama angaliamini mtazamo wa kwanza, angaliipoteza, kwa kuwa alipima mara ya pili na ya tatu, aliipata.

Baadaye wengine waliwaza hivi: huenda iko sayari nyingine ndogo zaidi, iliyo karibu na Jua kuliko hata Utaridi. Kama iko, basi nayo itapita mbele ya Jua kama kidoa. Katika mji wa Dessau, Ujerumani, alikuwapo mwuza dawa jina lake Heinrich Schwabe aliyependa wazo hilo. Tangu mwaka 1826 alilitazama Jua kila siku isiyo na mawingu, akahesabu madoa yake na kuyaandika katika daftari, ili asije akakosea doa la kawaida kwa sayari mpya. Aliiuza hata duka lake la dawa ili apate nafasi ya kutazama. Sayari hakuiona. Lakini daftari zake zilipokuwa nyingi, aliona jambo ambalo hapana mtu aliyelijua: madoa ya Jua huongezeka na kupungua kwa zamu, kadiri ya miaka 10. Alilitangaza mwaka 1843, na wajuzi waliokuja nyuma yake walithibitisha kwamba zamu hiyo ni ya miaka 11 hivi. Mwaka 1857 chama kikuu cha elimu ya nyota cha London kilimpa nishani ya dhahabu. Mwenyewe alijifananisha na Sauli, aliyekwenda kuwatafuta punda wa baba yake akapata ufalme. Haba na haba hujaza kibaba: Schwabe alijaza kibaba chake kwa zaidi ya miaka 40.

Sasa sikilizeni habari ya mtu wa pili aliyeitafuta sayari ile ile. Kwanza hamna budi kujua ya kuwa mwendo wa Utaridi ulikuwa na tofauti ndogo sana na hesabu za wajuzi. Mfaransa Urbain Le Verrier, ambaye kwa hesabu zake sayari ya Neptuni ilipatikana mwaka 1846, alisema mwaka 1859 kwamba huenda kitu kisichojulikana kilicho karibu na Jua kinaivuta Utaridi. Habari hiyo ilimfikia daktari mmoja wa mashamba aitwaye Edmond Lescarbault, aliyekaa katika kijiji cha Orgères. Naye akamwandikia Le Verrier ya kuwa tarehe 26 Machi mwaka ule ule alikwisha kuona kidoa cheusi cha mviringo kikipita mbele ya Jua.

Le Verrier alisafiri hata kijijini bila kutoa habari, akamhoji yule daktari kwa ukali kama hakimu amhojivyo shahidi. Alikuta darubini ndogo, saa isiyo na mshale wa sekunde, na kipande cha uzi chenye tufe la pembe kilichotumika kuhesabia sekunde. Daktari alijibu maswali yote kwa unyofu, na mgeni wake akaridhika. Sayari ikapewa jina la Vulcan, na daktari akapewa nishani ya serikali ya Ufaransa. Lakini saa ile ile aliyoitaja daktari, mjuzi mwingine aitwaye Emmanuel Liais alikuwa akilitazama Jua huko Brazili kwa darubini iliyo bora zaidi, wala hakuona kitu. Tangu hapo watu wengi waliitafuta Vulcan. Mwaka 1878, Jua lilipopatwa huko Marekani, watazamaji wawili walisema wameiona, lakini mahali walipopataja hapakupatana. Hata mwisho, mwaka 1915, Albert Einstein alionyesha kwa kanuni mpya za uvutano kwamba tofauti ile ya mwendo wa Utaridi yatokana na nguvu za Jua lenyewe, wala haihitaji sayari nyingine. Vulcan haikuwako.

Je, tuseme daktari yule alikuwa mwongo? La. Wengi hudhani kwamba aliona doa la Jua. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa peke yake, na alitazama mara moja tu. Schwabe alitafuta kitu kile kile asikione, akaandika kwa unyofu kwamba hakukiona. Yeye aliyeandika kila siku kwamba hajaiona sayari ameacha urithi; na aliyesema ameiona ameacha jina la kitu kisichokuwako.

Hata Utaridi yenyewe, ambayo hapana shaka iko, iliwadanganya watazamaji wengi. Kwa darubini yaonekana kama mwezi mdogo, mara nusu, mara kipande chembamba, na juu yake mna vivuli hafifu sana. Johann Schröter, hakimu wa Lilienthal katika Ujerumani, aliitazama katika miaka ya karibu na 1800, akasema ina milima mirefu kupita Kilimanjaro mara tatu, na kwamba hujizungusha kwa muda wa karibu saa 24, kama dunia yetu. William Denning, karani wa hesabu katika mji wa Bristol, aliichora mwaka 1882, akafikiri muda huo ni saa 25 hivi. Halafu Giovanni Schiaparelli, mjuzi mkubwa wa Milano, baada ya kuichora kwa miaka saba, alisema mwaka 1889 kwamba hujizungusha mara moja tu kwa siku 88, hata upande mmoja huelekea Jua daima na upande wa pili hukaa gizani milele. Eugène Antoniadi, Mgiriki aliyekaa Ufaransa, naye aliitazama kwa darubini kubwa ya Meudon, na katika kitabu chake cha mwaka 1934 alikubaliana na Schiaparelli. Vitabu vyote vikafuata hivyo.

Mwaka 1965 ndipo kweli ilipojulikana. Huko Arecibo, katika kisiwa cha Puerto Rico, wajuzi walituma kwa Utaridi mawimbi ya redio, jamaa ya mawimbi haya haya yaletayo sauti nyumbani mwetu, wakayapokea yaliporudi kama mwangwi. Mwangwi ule ulionyesha kwamba sayari hujizungusha kwa siku 59 hivi. Hakuna upande wa giza la milele. Tena, toka macheo hata macheo mengine huko Utaridi hupita siku zetu 176, yaani miaka yake miwili.

Basi wachoraji wale waliokesha miaka mingi walikosaje? Jibu lake latupasa kulifikiri. Utaridi huonekana vizuri kutoka mahali pamoja baada ya mizunguko mitatu ya siku 116, yaani karibu siku 350. Katika siku hizo sayari hujizungusha karibu mara sita kamili. Kwa hiyo kila msimu mzuri uliporudi, watazamaji walikuta mbele yao karibu uso ule ule, wenye vivuli vile vile. Wakasema, haigeuki. Ni kama mtu apitaye sokoni kila Ijumaa tu, akamkuta muuza samaki yule yule mahali pale pale, akadhani mtu yule hulala papo hapo sokoni. Tena, mtu aliyekwisha kusoma kwamba sayari haigeuki, hukichora kivuli hafifu mahali anapotazamia kukiona. Katika kosa hili aliyelipwa mshahara na asiyelipwa walikuwa sawa.

Lakini kazi yao haikupotea bure. Chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 10 kilipita karibu na Utaridi mara tatu katika miaka ya 1974 na 1975, na kingine kiitwacho MESSENGER kiliizunguka tangu mwaka 2011 hata 2015, kikapiga picha za uso wake wote, wenye mashimo mengi kama uso wa Mwezi. Wala wapenzi wa nyota hawakuacha kazi yao. Wengine wamejiunga katika vyama, kama kile cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1890, nacho kina sehemu ya Utaridi na Zuhura. Kwa kamera za siku hizi hupiga picha maelfu kwa dakika chache, wakazichagua zile zilizo safi na kuziunganisha, hata vivuli vya kweli vikaonekana. Wengine wameupiga picha hata mkia wa sodiamu ambao nuru ya Jua huusukuma nyuma ya sayari hii, mkia usioonekana kwa macho.

Nasi tufanyeje, tusio na darubini? Jambo la kwanza ni kuyalinda macho. Mtu asilitazame Jua kamwe kwa darubini, hata kufumba na kufumbua, wala asiitafute Utaridi kwa darubini kabla Jua halijazama lote. Kisha, mwalimu au kalenda ikiisha kuonyesha majuma inapokuwa mbali na Jua, simameni mahali palipo wazi upande wa magharibi. Ngojeni nusu saa baada ya Jua kuchwa. Tafuteni juu ya mahali Jua lilipozama, kimo cha ngumi moja au mbili hivi. Msiidhanie Zuhura kuwa ndiyo, maana Zuhura hung'aa zaidi sana.

Mkiiona, andikeni: tarehe, saa, mahali, hali ya mawingu, kimo kwa ngumi, na jina la aliyeona. Wanafunzi wawili na waandike mbalimbali, kila mmoja bila kuchungulia daftari la mwenzake, kisha walinganishe. Wakipatana, ni vema. Wasipopatana, wasifute, bali warudi jioni ya pili. Na jioni msiyoiona, andikeni vilevile kwamba hamkuiona. Neno hilo ni ushahidi kama lile jingine.

Utaridi hupita mbele ya Jua mara 13 au 14 tu katika miaka mia, mwezi wa Mei au wa Novemba. Ilipita tarehe 11 Novemba 2019, na itapita tena Jumamosi tarehe 13 Novemba 2032. Siku hiyo Afrika ya Mashariki itakuwa mahali pazuri kabisa, maana kwa saa zetu itaanza saa tatu na dakika 41 asubuhi, na kwisha saa nane na dakika chache mchana, Jua likiwa juu mbinguni. Kidoa chake kitakuwa chembamba kuliko upana wa Jua kwa kadiri ya mara 190, kwa hiyo hakitaonekana bila darubini. Lakini darubini moja ya shule, ikitupa sura ya Jua juu ya karatasi nyeupe kama ile ya Gassendi, yatosha kwa darasa zima kusimama na kuona. Wenye umri wa kusoma mazungumzo haya leo wana nafasi ya kujizoeza tangu sasa, ili siku ile watakapoulizwa waliona nini, waweze kufungua daftari na kujibu.